Kamati ya Kumnukuu Daktari Sikudhani

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, na wimbo wake wa taifa una beti saba. Silitaji kwa sababu za kisheria. Kwetu, kutaja jina la nchi bila kunukuu chanzo ni kosa, na chanzo chenyewe, yaani Katiba, kiliazimwa na mheshimiwa mmoja ambaye hajakirudisha. Msomaji akiona humu kitu kinachofanana na cha kwao, ajue macho yake yamechoka. Sisi hatufanani na mtu.

Mambo yalianza pale Mlezi Mkuu wa Taifa alipokwenda kwenye mkutano wa marais. Wakati wa chai, rais wa nchi jirani, mtu asiye na haya, akamuuliza mbele za watu, "Mwenzangu, hivi wataalamu wako wa ubongo wananukuliwa mara ngapi kwa mwaka?" Mlezi Mkuu hakuwa na habari kwamba wataalamu hunukuliwa. Alidhani wanalishwa tu. Akajibu kwa kikohozi kirefu, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakugusa chakula cha ndege, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Nukuu na Marejeo. Akakabidhiwa Mheshimiwa Nyangalio, aliyekuwa Waziri wa Samaki mpaka samaki walipokwisha.

Nukuu, kwa msomaji asiyejua, ni pale msomi anapoandika jambo halafu akataja kwamba kuna msomi mwingine aliyelisema kabla yake. Nchi nyingine hufanya hivyo ili kuonyesha njia waliyopitia. Sisi tuliona huko ni kupoteza muda. Tukaamua kwamba nukuu ni uzito: aliye nazo nyingi ni mzito, asiye nazo apeperushwe.

Sheria ya Nukuu ilikuwa fupi na tamu. Msomi asiyefikisha nukuu elfu moja ifikapo Siku ya Mizani ananyang'anywa chumba, kiti na feni. Anayefikisha elfu kumi, alichokiandika kinageuka kuwa Ukweli wa Taifa: kinasomwa hadharani mbele ya Mlezi Mkuu, kinaingizwa kwenye vitabu vya shule, na anayekipinga anakwenda jela. Kipengele hiki cha pili kilipendekezwa na Profesa Changarawe, Mkurugenzi wa Taasisi ya Ubongo, ambaye kwa bahati tu siku hiyo alikuwa na nukuu elfu tisa na mia tisa.

Makala yake maarufu inaitwa "Ubongo: Mtazamo wa Jumla". Ina kurasa mbili, mmoja ukiwa picha yake mwenyewe. Inathibitisha kwamba ubongo uko kichwani. Siku hizi inafundishwa darasa la tatu, na tangu ifundishwe hakuna raia aliyethubutu kuuweka ubongo wake mahali pengine.

*

Katika Taasisi hiyo hiyo, mwisho wa korido, ukishapita choo kilichofungwa kwa ajili ya wageni rasmi, kulikuwa na Chumba Namba Sita. Humo alifanya kazi Daktari Sikudhani Mbwelwa, mwanamke mwembamba, mkali kidogo, anayesema maneno machache na kuyamaliza. Alikuwa na meza, mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, na kofia ya waya ambayo mgonjwa huvalishwa ili mashine isome kinachoendelea ndani. Mashine ilikuwa moja nchi nzima. Waziri Nyangalio alipotembelea Taasisi alidhani ni ya kukaushia nywele, akasifu jinsi serikali inavyowajali akina mama.

Kila Alhamisi wagonjwa wa kifafa walipanga foleni mlangoni kwake. Mmoja wao alikuwa jirani yangu, Mama Tufa, anayekaanga maandazi na bagia nje ya lango la Taasisi. Kwa miaka mingi Mama Tufa alikuwa akianguka bila taarifa. Siku moja alianguka akiwa mbele ya karai, mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye mafuta. Nilikuwepo. Sipendi kueleza zaidi ya hapo. Kovu lile hulifunika kwa kanga, hata wakati wa joto.

Hospitali zote za nchi zilimpa dawa moja, Sharubati ya Taifa. Sharubati hiyo ilibuniwa na Mlezi Mkuu mwenyewe akiwa mapumzikoni, kwa rosela, sukari na kitu cha tatu ambacho ni siri ya dola. Inatolewa kwa kifafa, homa, mgongo na kukata tamaa. Mama Tufa aliinywa chupa kwa chupa na akaendelea kuanguka. Ndipo akafika Chumba Namba Sita, akavalishwa kofia, akapewa vidonge vidogo vyeupe vilivyotumwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya utafiti wa daktari. Tangu ameze vile vidonge hakuanguka tena. Akarudi kwenye karai lake, na mimi nikarudi kwenye bagia zangu za asubuhi.

Daktari Sikudhani aliandika makala moja tu maishani mwake. Ilimchukua miaka tisa. Iliitwa "Uchunguzi wa Mawimbi ya Ubongo kwa Wagonjwa wa Kifafa wa Nyanda za Kati", na ukurasa wake wa tisa ulieleza kwamba wagonjwa waliokunywa Sharubati ya Taifa waliumwa zaidi kuliko wale waliokunywa maji matupu. Mama Tufa alinieleza, kwa kuwa yeye alielezwa na daktari.

Utauliza makala kama hiyo ilichapishwaje. Ilichapishwa kwa utaratibu wa kawaida. Wakaguzi walitazama jalada, wakaridhika na rangi yake, wakagonga muhuri. Kuizuia kungewalazimu kuisoma, na fungu la kusoma halikuwepo.

*

Siku ya Mizani ilifanyika uwanja wa mpira. Mizani yenyewe ilitolewa kwenye ghala la pamba, na nukuu za kila msomi zilichapwa kwenye karatasi, moja moja, zikafungwa marobota ili zipimwe. Marobota ya Profesa Changarawe yaliletwa kwa lori, likizungukwa na matarumbeta. Daktari Sikudhani alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu. Mbili zilitoka kwa mtafiti mmoja wa nchi za baridi kali, mwanamke ambaye kwa upweke wa huko aliisoma makala yote. Ya tatu iliandikwa na mwanafunzi aliyekuwa akimtafuta Sikudhani mwingine.

Sindano ya mizani haikutikisika. Watu walicheka, na mimi nilicheka kidogo, kwa kuwa kamera ilikuwa upande wetu.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Nyangalio alinguruma kwenye kipaza sauti, "taifa haliwezi kubeba wasomi wepesi! Msomi asiyenukuliwa ni mzigo, tena ni mzigo mwepesi, na mzigo mwepesi ndio mbaya zaidi, maana hubebwa bila kujulikana!" Tulishangilia sana. Maana yake bado tunaitafuta.

Hukumu ikasomwa palepale. Daktari alipewa mwezi mmoja kuondoka, labda afikishe nukuu elfu moja kabla ya siku hiyo. Chumba Namba Sita kingekuwa stoo ya ngao na vyeti vya Profesa Changarawe. Vidonge vingerudishwa vilikotoka, kwa kuwa vilitumwa kwa jina la chumba, na wagonjwa wangehamishiwa kwenye Sharubati ya Taifa.

Profesa mwenyewe alimfuata daktari pale mizanini, akamwekea mkono begani kama baba.

"Mwanangu, miaka tisa makala moja! Mimi katika miaka tisa nimeandika makala mia tatu."

"Zinahusu nini, Profesa?"

"Zinahusu ile ya kwanza."

*

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Kwetu mtu haoi peke yake. Akitaka kuoa inaundwa kamati, anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, zinachapishwa kadi, na kila anayemfahamu bwana harusi anajaza ahadi yake. Ukimchangia mwenzako, na yeye atakuchangia. Usipochangia, siku yako itafika na ukumbi utakuwa wewe, bibi harusi na mpiga picha. Kwa hiyo Sheria ya Nukuu ilipokuja, wasomi wetu hawakuhitaji semina. Wakaishika nukuu kama walivyoushika mchango wa harusi. Zikaundwa kamati za kunukuliana, zikachapishwa kadi, na vikao vikafanyika palepale vilipokuwa vikifanyika siku zote, kwenye baa ya nyuma ya Taasisi, mbele ya sinia la nyama choma.

Bingwa wa vikao hivyo alikuwa Dokta Festo Kihwele, mtaalamu wa uti wa mgongo, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameongoza kamati nyingi kiasi kwamba watu walisahau kwamba ana kazi nyingine. Kesho yake baada ya mizani alimfuata daktari chumbani.

"Dada Siku, tatizo lako si akili," alisema, akikalia kiti cha wagonjwa ambacho kililalamika. "Tatizo lako hujawahi kumchangia mtu. Mimi nimekunukuu? Sijakunukuu. Kwa nini? Kwa sababu hujaninukuu."

"Makala zako nimezisoma, Festo. Hazihusiani na kazi yangu."

"Hebu msikie huyu! Harusi ya jirani inakuhusu nini? Unachanga, unakula pilau, unaondoka."

"Nukuu siyo pilau."

"Ndiyo maana unashinda na njaa."

Mama Tufa alikuwa mlangoni na sinia la bagia, maana Dokta Kihwele hafanyi mazungumzo bila bagia. Akaliweka sinia juu ya mashine, kitu ambacho hakuruhusiwa kukifanya.

"Samahani, Daktari, nawaingilia. Hiyo nukuu ni kitu cha kununua?"

"Hapana, Mama Tufa."

"Ni cha kuiba?"

"Wapo wanaoiba," Kihwele alikiri.

"Ni cha kuomba?"

"Eeh! Hapo umegusa penyewe, mama. Ni cha kuomba."

"Basi nitaomba mimi. Daktari, wewe kaa na heshima yako, usiiguse. Mimi nina mkono mmoja tu uliobaki mzima." Akafunua kanga. Nilikuwa nyuma yake, nimembebea ndoo, na nilitazama chini. "Nikianza tena kuanguka, hiyo heshima yako ndiyo itanidaka?"

Daktari Sikudhani aliliinua sinia kutoka juu ya mashine, akaliweka mapajani mwa Kihwele. Kisha akasema, "Haya. Lakini kila atakayeninukuu aisome kwanza."

"Ataisoma," alisema Kihwele, mkono juu kama anayeapa. "Ataisoma baadaye."

*

Kikao cha kwanza kilifana kuliko harusi nyingi nilizohudhuria. Palikuwa na mshereheshaji mwenye kipaza sauti na suti ya kumeremeta. Palikuwa na kadi zenye picha ya Daktari Sikudhani amenuna, picha pekee iliyopatikana. Lengo lilikuwa nukuu elfu moja, basi.

"Kitivo cha Sheria!" aliita mshereheshaji. "Nasikia Kitivo cha Sheria wana jambo!"

Mkuu wa Kitivo cha Sheria akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaahidi nukuu mia tano. Vigelegele. Mkuu wa Kitivo cha Mifugo, ambaye kwa miaka kumi hazungumzi na wanasheria kwa sababu ya sehemu ya kuegesha magari, akasimama kabla mwenzake hajakaa, akaahidi mia sita. Wahandisi wakaomba dakika moja ya kushauriana, wakarudi na mia saba. Wakati sinia la tatu la nyama linakuja, lengo lilikuwa limeshapitwa na mshereheshaji alikuwa amevua koti.

Ahadi zikaanza kutekelezwa. Taarifa ya sensa ya mbuzi ilimnukuu Daktari Sikudhani kwa kila mbuzi. Idara ya Hali ya Hewa ilitabiri mvua za wastani nyanda za juu, ikamtaja yeye kama chanzo. Mtangazaji wa mpira alituambia kwamba goli la pili lilifungwa kwa kichwa, ambamo, kama anavyobainisha Daktari Sikudhani, mna mawimbi. Tangazo moja la msiba lilisema marehemu ameacha mjane, watoto watano, na kwa maelezo zaidi mtu arejee makala ya Daktari Sikudhani. Hata Mlezi Mkuu, akizindua daraja, alisoma kwenye hotuba yake kwamba mto huu una kingo mbili, jambo lililothibitishwa na msomi wetu mahiri wa ubongo. Mwandishi wa hotuba alikuwa na deni la kamati.

Waliochelewa kutimiza ahadi walikutana na Mama Tufa langoni.

"Profesa, shikamoo."

"Marahaba. Nipe bagia sita."

"Zile nukuu arobaini zimefika?"

"Ziko njiani, mama."

"Basi na bagia ziko njiani."

Siku ya mwisho ya mwezi Kihwele aliingia Chumba Namba Sita akicheza, na kwa mtu wa umbo lake huo ulikuwa ushahidi wa furaha ya kweli.

"Dada Siku! Elfu kumi na mia tatu! Kwa heshima zote, wewe sasa ndiye mtaalamu wa ubongo anayenukuliwa kuliko wote barani. Chumba ni chako mpaka kiyama!"

"Festo, kuna hata mmoja aliyeisoma?"

"Nimesema elfu kumi na mia tatu!"

"Nimesikia. Sikukuuliza hivyo."

Ndipo Kihwele akaacha kucheza. Si kwa sababu ya swali, bali kwa sababu alikuwa amekumbuka sheria. Hakuna kamati kwetu iliyowahi kufunga mchango eti kwa kuwa umetosha, na hii nayo ilikuwa imesahau kufunga. Zikishapita elfu kumi, makala ni Ukweli wa Taifa, na Ukweli wa Taifa husomwa hadharani, wote, mbele ya Mlezi Mkuu, redioni, mpaka wilaya ya mwisho.

"Ina nini ndani?" akauliza, kwa mara ya kwanza.

Daktari akamwambia. Kihwele akakaa chini taratibu, akaomba maji.

*

Sherehe ilifanyika Ukumbi wa Taifa. Kwa mujibu wa sheria, Ukweli mpya husomwa na mwenye Ukweli wa zamani, kwa hiyo msomaji alikuwa Profesa Changarawe. Wivu ulikuwa umemkondesha, lakini alivaa joho lenye nyuzi za dhahabu na alijitahidi kutabasamu. Hakuwa ameipitia makala. Alituambia baadaye kwamba mtu wa hadhi yake hapitii, hupitiwa.

Kwenye ukumbi ule tuna utaratibu mzuri: msomaji akifika mwisho wa sentensi, tunapiga makofi. Tulipiga makofi ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulipigia makofi jedwali. Mlezi Mkuu alikuwa amefumba macho kwa utulivu. Daktari Sikudhani alikaa safu ya mbele, mikono mapajani, na kando yake Mama Tufa katika kanga mpya. Nilikuwa safu ya nyuma yao, naomba Mungu umeme ukatike. Siku zote hukatika. Siku hiyo haukukatika.

Alipofunua ukurasa wa tisa, macho ya Profesa yalitangulia mdomo. Nilimwona akisoma kimya, kisha akisoma tena, kisha akipangusa shingo.

"Mheshimiwa Mlezi Mkuu, nafikiri tunaweza kuishia hapa. Kilichobaki ni mambo ya kitaalamu."

Mlezi Mkuu akafumbua jicho moja. "Endelea, Profesa. Leo naelewa vizuri sana."

"Sheria inasema yote!" Waziri Nyangalio akakazia.

Profesa akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyeko kisimani.

"Sauti!" watu wakapiga kelele kutoka nyuma, kama kawaida ya mikutano yetu. "Hatusikii! Sauti!"

Basi akapaza sauti. "Wagonjwa waliopewa Sharubati ya Taifa walianguka mara nyingi zaidi kuliko waliopewa maji ya bomba."

Makofi.

"Sharubati ya Taifa haitibu kifafa, na asipewe mgonjwa yeyote."

Makofi haya yalikuwa makubwa kuliko yote, kwa sababu sentensi ilikuwa fupi na nyepesi kueleweka, ila sisi tuliielewa tukiwa tumeshaanza kupiga. Yalififia safu kwa safu. Mwisho alibaki anapiga Mama Tufa peke yake, kwa mikono yake miwili, hana haraka.

*

Ikulu kulikaliwa kikao cha dharura. Yaliyosemwa humo ni siri, kwa hiyo nchi nzima inayajua.

"Mfungeni," alisema Mlezi Mkuu.

Mwanasheria Mkuu akafungua sheria, akaifunga. "Mheshimiwa, sheria inamfunga anayeupinga Ukweli wa Taifa. Kwa sasa wanaoupinga ni sisi."

"Basi futeni sheria."

"Tukikiri Ukweli mmoja una kasoro, wananchi watauliza habari za ule mwingine, wa kwamba siku uliyozaliwa mvua ilinyesha maziwa."

Ikabaki njia moja. Daktari Sikudhani akaitwa, akakalishwa kwenye kiti cha velveti kilichommeza nusu. Mlezi Mkuu alimpokea kwa upole wote alio nao.

"Binti yangu, sisi wote ni binadamu, na mpiga chapa naye ni binadamu. Sema tu ukurasa wa tisa ulikosewa kuchapwa. Nitakujengea jengo la ghorofa nne lenye jina lako. Na mashine. Unataka mashine ngapi?"

Kihwele, aliyekuwa akimsubiri nje, aliapa kwamba moyo wa daktari ulisikika mpaka getini. Mashine ndicho kitu pekee alichowahi kukitamani.

"Mheshimiwa, nikuulize kama daktari. Nyumbani kwako mnakunywa Sharubati ya Taifa?"

Mlezi Mkuu akatazama dirisha. "Mimi hapana. Sukari."

"Na wajukuu?"

"Mama yao hapendi."

"Basi ukurasa wa tisa siuondoi. Kuna watu wanapika mbele ya mafuta ya moto, Mheshimiwa. Kuna wanaopanda ngazi, wanaobeba watoto mgongoni. Nichukulieni chumba, hilo mnaliweza. Lakini mkono wangu hautaandika kwamba nilikosea, kwa sababu sikukosea." Aliyekuja kuniambia alisema hakuwahi kuona mtu anaogopa vile na kuendelea kuongea.

Asubuhi yake Mlezi Mkuu alihutubia taifa. Tulijikusanya kwenye redio ya Mama Tufa, karai limeepuliwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu imejiridhisha kwamba Sharubati ya Taifa ni kinywaji chenye hadhi kubwa mno kuweza kupewa wagonjwa. Kuanzia leo itanywewa na viongozi peke yao, glasi moja kabla ya kila kikao cha baraza. Wagonjwa watavumilia vidonge."

Tulishangilia mpaka bagia zikamwagika. Sijawahi kuipenda serikali yangu kama siku ile, na safari hii sikuwa naangalia kamera iko wapi. Mawaziri hawakusikika wakishangilia. Vikao vya baraza vimekuwa vichache sana, na inasemekana Mheshimiwa Nyangalio, kila chupa inapofunguliwa, huomba ruhusa ya kwenda kuulizia samaki.

Chumba Namba Sita kilibaki. Ngao za Profesa zimepangwa koridoni, ambako wagonjwa huning'inizia miavuli. Vidonge sasa vinaagizwa na serikali yenyewe na kupelekwa wilayani, kila kimoja kikiwa na picha ya Mlezi Mkuu, ndogo mno kuonekana. Wasomi nao wamepata funzo: hakuna hata mmoja anayethubutu tena kuandika makala ya kurasa zaidi ya nane.

Kumnukuu Daktari Sikudhani kukakoma kwa siku moja. Zamani ilikuwa salama kwa kuwa hakuna aliyejua amesema nini. Sasa kila mtu anajua, na msomi mwenye familia hawezi kujihatarisha. Daktari hakulalamika, ila nilimwona mara mbili tatu akiichukua ile makala mezani, akaifungua, akairudisha.

Alhamisi moja alikuja mtu kutoka wilaya ya mwisho kabisa, mfuga kuku, shati limejaa vumbi la safari, na binti yake mkubwa kando yake. Walisubiri foleni mpaka wakafika mlangoni. Yule baba akavua kofia, akasimama wima kama yuko mbele ya hakimu.

"Daktari, shikamoo. Kama alivyosema Daktari Sikudhani redioni, ukurasa wa tisa, sharubati haitibu kifafa, na asipewe mgonjwa yeyote. Nilisikia, nikaimwaga. Nikaenda zahanati nikadai vidonge, wakanibishia, nikawatajia hayo maneno mpaka wakanipa. Huyu mwanangu alikuwa anaanguka kila siku. Jana amevuka mto peke yake."

Ofisa wa Wizara aliyekuwa akipita koridoni alisimama, akasikiliza, akatamka kwamba nukuu hiyo haiwezi kuhesabiwa, kwa kuwa aliyeitoa si msomi, hakuandika popote, na amevaa ndala.

Daktari Sikudhani hakumsikia. Alikuwa ameshika mkono wa yule mfuga kuku kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamtoka mbele ya foleni nzima.

"Rudia," alimwambia. "Tafadhali, kaka yangu, rudia tena."